Mashua ya Marehemu: Kununua na Kufufua Chombo Kikuukuu kwenye Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Katika nchi nyingi zenye viwanda, familia inayotaka kazi moja ya kuwakutanisha baba, watoto na wajomba kwa mwaka mzima au zaidi hununua gari la zamani lililokwama uani kwa mtu, ikalifungua kipande kwa kipande, ikalisafisha, ikatafuta spea zake na kulirudisha barabarani. Land Rover za awali, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 1948, hupendwa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini ambayo haishiki kutu, ingawa chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, huoza kwa ndani pasipo mwenyewe kujua. Kwenye pwani ya kaskazini ya Msumbiji inayoanzia mlango wa Mto Ruvuma, ikapita Quionga, Palma na Mocímboa da Praia hadi visiwa vya Quirimbas, gari la zamani halijapata nafasi hiyo, kwa kuwa barabara ilikuja nyuma sana ya bahari na mali inayorithiwa, inayouzwa ikiwa mbovu na kufufuliwa na ukoo mzima ni chombo cha mbao. Sura hii inahusu ununuzi na ufufuaji wa chombo hicho, na inakizingatia zaidi kile cha ukubwa wa kati ambacho familia inaweza kukimudu, yaani mashua.

Majina ya vyombo kwenye pwani hii hutofautiana kutoka bandari moja hadi nyingine, kwa sababu Palma husema Kiswahili, Mocímboa na kisiwa cha Ibo husema Kimwani ambacho ni ndugu yake wa karibu, na ofisi za serikali huandika kwa Kireno, lugha ambamo chombo cha mbao cha ukubwa huo mara nyingi huitwa lancha. Mafundi wao hutazama umbo kwanza. Mtumbwi huchongwa kutoka gogo moja, ngalawa ni mtumbwi uliofungwa mbao mbili za kuelea ubavuni, dau huchongoka mbele na nyuma, na mashua hujengwa kwa mbao juu ya mkuku, ambao ni gogo refu la chini linalobeba chombo chote kama uti wa mgongo, ikiwa na tezi bapa upande wa nyuma na tanga la pembe tatu linaloning'inizwa kwenye foromali, yaani mti mrefu unaopandishwa mlingotini. Jahazi ni ya jamii hiyohiyo lakini kubwa zaidi, nayo kwa kawaida ni mali ya mfanyabiashara.

Inafaa kuelewa mapema kwamba chombo cha pwani hii tangu zamani kilijengwa ili kifunguliwe na kufungwa tena. Mwaka 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipofika Kisiwa cha Msumbiji, kusini ya pwani inayozungumzwa hapa, mwandishi wa kumbukumbu za safari aliona vyombo vikubwa visivyo na msumari hata mmoja, vyenye mbao zilizoshonwa kwa kamba na matanga ya ukindu uliofumwa. Kamba ya nazi huoza, na mshono uliooza lazima ushonwe upya, kwa hiyo mwenye chombo cha kushona hakuweza kukiacha miaka mingi bila kukipandisha pwani na kukifanyia kazi kubwa. Msumari wa chuma ulipochukua nafasi ya kamba haukuibadilisha tabia hiyo, kwani nao una maradhi yake, na mbao za ubavuni hubadilishwa moja moja kadiri zinavyochoka, hata ikawa mashua ya miaka 40 haina ubao mwingi uliokuwapo siku ilipoteremshwa majini mara ya kwanza. Kinachodumu ni mkuku, umbo na jina. Anayenunua mashua kuukuu ananunua vitu hivyo vitatu, na bei yoyote anayotajiwa inapaswa kupimwa kwa hivyo, hata kama rangi inang'aa.

Mashua nyingi zinazofika sokoni zikiwa mbovu huwa zimefiwa na mwenyewe, na jambo hili ndilo linaloufanya ununuzi wa chombo kuwa kazi ya ukoo hata kabla ya shoka kuguswa. Pale mirathi inapofuata sheria ya Kiislamu, kama ilivyo kwa Waislamu walio wengi kwenye pwani hii, mali iliyobaki baada ya kulipa gharama za maziko, madeni na wasia hugawanywa kwa mafungu yaliyopangwa, na chombo kisichoweza kukatwa vipande hugawanywa kwa thamani yake. Tuseme marehemu ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mjane hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki huenda kwa watoto kwa kiasi cha mwanamume kupata mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo mashua ikihesabiwa kuwa mafungu 40, mjane ana 5, kila mtoto wa kiume ana 14 na binti ana 7. Mtoto mkubwa, ambaye pengine ndiye aliyekuwa akivua na baba yake tangu utotoni na ndiye pekee anayejua kukishika chombo hicho katika maji ya kusi, anajikuta ana mafungu 14 tu na anadaiwa 26 na watu anaokula nao sahani moja.

Hapo ndipo vyombo vingi hufia. Warithi wasipokubaliana, mashua hubaki imeegemea magadi yake, yaani miti ya kuikingia ubavuni ili isilale, na jua likaipasua kila siku huku kila mmoja akiamini kwamba akiigusa atakuwa ameitwaa haki ya mwenzake. Mnunuzi wa nje naye anayemlipa mtoto mkubwa peke yake huwa amenunua ugomvi, hata akipewa karatasi ya usajili wa chombo mkononi, kwa kuwa karatasi hiyo humtaja marehemu na haiwataji wenye mafungu. Njia iliyo salama ni kuwakutanisha warithi wote mbele ya wazee na mtu anayejua hesabu za mirathi, kila fungu likatajwa kwa tarakimu, na kuandikwa ni nani ameuza lake, ni nani amelisamehe na ni nani amelibakiza ndani ya chombo. Akina mama na mabinti wanastahili kutajwa kwa majina katika maandishi hayo. Mara nyingi wao ndio huchagua kulibakiza fungu lao, na mashua inayoanza kuvua tena huwaletea sehemu yao ya mgao ingawa hawajawahi kushika usukani, kwa kuwa katika mgao wa uvuvi wa pwani hii chombo chenyewe hupewa fungu lake, kama wanavyopewa nahodha na mabaharia, na fungu la chombo ni la wenye chombo.

Baada ya watu huja mbao. Ukaguzi wa mashua hufanywa maji yakiwa yamekupwa, chombo kikiwa kikavu na kimesafishwa ngama, yaani shimo la chini kabisa ambako maji machafu hukusanyika, na kazi ya kwanza ni kuutazama mkuku. Uzi huvutwa kutoka hanamu, ambayo ni gogo linalosimama mbele kukata maji, hadi fashini, ambayo ni gogo linalosimama nyuma kubeba usukani, kisha hutazamwa kama mkuku unafuatana na uzi ule au umepinda juu katikati kama mgongo wa paka aliyeshtuka. Mkuku uliopinda hivyo umechoka kwa kubeba mzigo mbele na nyuma huku katikati maji yakiusukuma juu, au umelazwa miaka mingi juu ya magogo yaliyo katikati tu. Ubao hubadilishwa, na hata taruma, yaani mbavu moja ya mti inayoshikilia mbao kwa ndani, hubadilishwa. Lakini kubadilisha mkuku ni kujenga mashua nyingine chini ya jina la kwanza. Kwa maoni ya sura hii, familia isiyo na fundi wa vyombo miongoni mwake haifai kununua mashua yenye mkuku uliopinda hata ikipewa kwa bei ya kuni.

Kisha hutafutwa adui asiyeonekana. Katika maji ya chumvi yenye joto huishi kiumbe anayetoboa mbao, ambaye watu humwita mdudu, lakini wataalamu wa viumbe humweka katika jamii moja na chaza na kome, kwani ana magamba mawili madogo kichwani mwake ambayo huyatumia kama patasi. Huingia akiwa mdogo mno, kwa tundu lisilozidi ncha ya sindano, kisha hukua ndani ya ubao akilichimba handaki lake sambamba na nyuzi za mti, hata ubao ukawa kama masega matupu yaliyokwisha asali huku uso wake wa nje ukionekana mzima. Fundi humgundua kwa sikio. Hugonga ubavu wa chombo kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua, kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, na ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu wa juu, ilhali ubao ulioliwa hujibu kwa mlio mfupi uliokufa, kama wa kugonga mkate. Mahali hapo hutiwa alama ya mkaa, na baada ya mzunguko mmoja familia inaweza kusimama mbali na kuhesabu alama hizo kama mtu anayesoma deni lake ukutani.

Alama nyingine hutafutwa kwenye misumari. Chuma kikikaa ndani ya mti wenye maji ya chumvi huliwa na kutu, na kutu hiyo huuoza mti unaokizunguka, kwa hiyo duara jeusi lililozunguka kichwa cha msumari huonyesha kwamba shimo limepanuka na msumari haushiki kitu tena. Duara kumi zilizotawanyika ni jambo la kawaida. Duara zilizopangana mstari mmoja, kutoka juu hadi chini, zinamaanisha kwamba taruma iliyo nyuma yake imeachana na mbao zake zote, na chombo hicho kikikutana na bahari kubwa kitafunguka mahali hapo.

Swali la mbao za kubadilishia lina historia yake. Miti iliyopendwa tangu zamani ni mbambakofi, ambao Kireno cha Msumbiji huuita chanfuta, na mninga, ambao huitwa umbila, yote ikiwa miti ya thamani ya misitu ya bara ambayo hupelekwa pia viwandani na nje ya nchi, hata fundi wa pwani akajikuta anashindana na mnunuzi mwenye lori. Ndiyo maana mbao za ubavuni siku hizi mara nyingi ni za mwembe, mti ambao hupatikana karibu na ni mwepesi kupasuliwa lakini huoza mapema. Mataruma ni habari nyingine. Taruma nzuri haikatwi kwa msumeno kutoka mti ulionyooka, kwa sababu nyuzi zake zingekatika kwenye pindo na kuvunjika hapo hapo. Hutafutwa tawi lililokua limepinda lenyewe kwa kiasi kinachotakiwa. Fundi huingia mikokoni na kipande cha waya au ufito uliokunjwa kwa umbo la mbavu anayoitaka, akaulinganisha na matawi ya mkomafi, mkoko wenye tunda kubwa la mviringo na mti mgumu wa rangi ya kahawia, na anaweza kutembea siku nzima akarudi na vipande vitatu. Delta ya Ruvuma na ghuba ya Palma zina mikoko mingi, lakini matawi yaliyopinda vizuri si mengi kama miti, na ukoo wenye busara hukata kinachohitajika tu, kwa kuwa mjukuu naye atakuja kulitafuta pindo hilohilo.

Haiwezekani kuandika juu ya vyombo vikuukuu vya pwani hii bila kutaja kilichovipata tangu mwaka 2017. Mashambulio ya waasi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba mwaka huo. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini ya mji wa Pemba, kikabomoa sehemu kubwa ya nyumba za Ibo na kuharibu vyombo vya wavuvi vilivyokuwa fukweni. Mocímboa ilitekwa na waasi hao Agosti 2020, na mwezi Oktoba mwaka ule maelfu ya watu walifika kwa njia ya bahari katika ufuo wa Paquitequete mjini Pemba, wakiwa wamejazana ndani ya mashua na madau yaleyale yaliyokuwa yakibeba samaki na makuti; baadhi ya vyombo havikufika, na waliokuwamo walizama. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, nayo Mocímboa ilirudi mikononi mwa serikali mwezi Agosti 2021. Kwa miaka hiyo bahari yenyewe ilikuwa na vizuizi vya kijeshi, na mvuvi asiyeruhusiwa kutoka hana sababu wala pesa ya kukitunza chombo chake.

Mashua iliyoachwa huharibika kwa namna mbili zinazopingana. Iliyoachwa juu ya mchanga hukauka, mbao zake zikasinyaa na nafasi kati yake zikapanuka hata mchana ukaonekana ukiwa ndani. Iliyoachwa majini haisinyai, lakini mtoboa mbao humaliza kazi yake bila kusumbuliwa. Familia zilizorudi zimekuta vyombo vya aina zote mbili, na pengine hazikukuta kitu. Uharibifu mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika mikono ya watu. Kijana aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2017 alipaswa kuzitumia siku zake za ujana akimshikia fundi ubao na kuchonga vijiti vya kuzibia matundu, na badala yake alizitumia kambini au katika nyumba ya ndugu mjini Pemba, mbali na chombo kinachojengwa. Ufundi huu hauna vitabu. Hauna ramani za karatasi, kwa kuwa fundi hupima kwa dhiraa, ambayo ni urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kwa uzi, kwa ufito na kwa jicho. Mashua kuukuu inapofunguliwa mbele ya vijana ndiyo inayoshika nafasi ya kitabu, kwa sababu kila kiungo huonekana kwa ndani, pamoja na makosa ya mafundi waliotangulia. Kwa hiyo hata mashua ambayo hesabu inasema haifai kufufuliwa inaweza kufaa, ikiwa mzee anayejua bado yu hai na vijana wapo. Na jambo hili linastahili kuingia katika hesabu ya bei kabla ya mbao na misumari.

Kazi yenyewe huanza na kubomoa kidogo kidogo. Familia zisizo na uzoefu hung'oa mbao zote mbovu kwa siku moja, na hilo ni kosa baya, kwa sababu mbao na mataruma hushikana umbo, na chombo kilichovuliwa mbao za upande mmoja hulegea na kupinda kilivyolala. Hung'olewa ubao mmoja au miwili, taruma iliyo nyuma yake ikachunguzwa na kubadilishwa, ubao mpya ukapigwa, ndipo mkono uende mbele. Ubao mpya hutakiwa kufuata mzunguko wa ubavu, na ule unaokataa hupashwa moto polepole huku ukimwagiwa maji ili usiungue, ukakunjwa ungali moto na kubanwa hadi upoe. Kazi hii huwataka watu wanne au watano kwa mara moja na kila mtu hupata nafasi yake, hata mtoto wa miaka saba anayekimbia na kopo la maji.

Kabla ya msumari kupigwa, tundu lake hutobolewa kwa keekee, yaani kifaa cha kutobolea kinachozungushwa kwa uta, kwa kuwa msumari unaoingizwa kwa nguvu hupasua mti. Chini ya kichwa cha msumari huzungushwa nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, mizunguko michache tu, ili kichwa kinapokaa mahali pake pamba ibanwe na kuziba njia ya maji. Ni jambo dogo linalochukua muda mrefu, na wazee ambao nguvu za kushika tezo zimewaondoka hukaa kivulini wakiviringisha pamba, misumari ikijipanga mbele yao kama mishikaki. Mwenye haraka huiacha hatua hii. Maji humjulisha.

Baada ya mbao huja kalafati, yaani kazi ya kuziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikisukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Hapa ndipo fundi wa kweli hujulikana, na hata familia inayofanya kila kitu yenyewe ingefanya vyema kumwajiri mtu wa kuisimamia. Pamba ikiwa chache maji huingia. Ikizidi huwa mbaya zaidi, kwani chombo kikiingia majini mbao hunywa maji na kuvimba, na zisipopata nafasi ya kuvimbia hujisukuma zenyewe, zikang'oa misumari iliyopigwa kwa uangalifu wote ule na kuachana na mataruma. Fundi hupima kwa mlio: patasi inapoanza kuingia nyundo hutoa sauti nzito, kisha sauti hupanda kadiri pamba inavyokazana, na inapofikia mlio fulani yeye husimama, akasogea nusu shubiri. Kijana hufundishwa kwa kuambiwa asikilize kwanza bila kushika chochote, wakati mwingine kwa siku kadhaa.

Jambo la mashine linahitaji tahadhari. Familia nyingi hutaka mashua iliyofufuliwa ifungwe injini ya nyuma, na haja yao inaeleweka, kwa sababu upepo haungoji soko la samaki. Lakini tezi ya mashua ya tanga ilijengwa kubeba usukani tu, ilhali tanga huusukuma mwili wa chombo kupitia mlingoti unaosimama juu ya mwashiri, yaani mti mzito wenye tundu unaolala juu ya mkuku na kuigawa nguvu ile kwa mataruma mengi. Injini huiweka nguvu yake yote mahali pamoja, tena kwa mtetemo usiokoma, na mtetemo hulegeza misumari na kuing'oa kalafati. Anayeitaka injini aiimarishe tezi kwa mbao nene zinazounganishwa na mkuku kabla ya kununua mashine, la sivyo atakuwa ameua chombo kwa msaada wake mwenyewe.

Tahadhari ya pili ni ya mzigo. Tarehe 7 Aprili 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, chombo cha uvuvi kilichokuwa kimebeba abiria kutoka Lunga kuelekea Kisiwa cha Msumbiji kilizama, na watu zaidi ya 90 wakapoteza maisha, watoto wengi wakiwa miongoni mwao. Chombo hicho hakikutengenezwa kwa abiria, na kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Mashua iliyofufuliwa huonekana mpya machoni na humshawishi mwenyewe kuipa kazi ambayo hata ilipokuwa mpya haikuiweza. Kwa sababu hiyo wenye mafungu wangefaa kukubaliana, katika maandishi yaleyale ya mirathi, idadi ya watu na magunia ambayo nahodha hataruhusiwa kuizidi, siku ya sikukuu wala siku ya msiba, na mstari wa maji upigwe rangi ubavuni ili hata anayesimama ufukweni auone.

Siku chache kabla ya kushua, ambako ni kuteremsha chombo majini, sehemu ya chini huchomwa kwa mienge ya makuti makavu inayopitishwa haraka haraka chini ya mbao, kiasi cha kuua kilichojificha bila kuunguza mti, halafu husuguliwa na kupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Chokaa ni ya matumbawe yaliyochomwa, na mafuta ya asili ni sifa, yaani mafuta ya ini la papa, yenye harufu ambayo mtu aliyekulia pwani haisahau. Papa wamepungua, na wengi siku hizi hutumia rangi ya dukani au lami. Deheni ina faida moja ambayo rangi haina, nayo ni kwamba hupakwa kwa viganja, kwa hiyo anayepaka hupapasa kila dhiraa ya chombo na kugundua kichwa cha msumari kilichosahauliwa.

Kushua husubiri bamvua, yaani siku za mwezi mpya au mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, kwani kwenye pwani hii tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa siku hizo hupita mita 3, na mashua iliyosogezwa juu ya magogo hadi ukingoni wakati wa maji kukupwa huinuliwa na bahari yenyewe inapojaa. Husomwa dua, ubani ukafukizwa omo, na wenye mafungu wote huitwa wahudhurie, hata binti mwenye mafungu 7 aliyeolewa kijiji kingine.

Kisha mashua huvuja. Mbao zilizokaa juani miezi mingi hazifungani saa ileile, na maji hupenya kila mshono, hata mtu asiyejua akadhani kazi yote imepotea. Hufungwa kwenye kina kifupi, bila mlingoti wala mzigo, na watoto hupewa upo, kata ya mti ya kukumbia maji, wakapangiwa zamu. Siku ya kwanza upo haupumziki usiku kucha. Siku ya pili aliye zamu anaweza kula akiwa amekaa, na kufikia jioni ya siku ya tatu au ya nne, ikiwa kalafati ilipigwa na mtu anayesikiliza, ngama huwa na maji ya kufunika vidole vya miguu tu, na kati ya kukumba mara moja na nyingine mtoto hupata muda wa kulala.